Kwetu Hakujachomeka

Ukitaka kuniharibia siku, niulize kwetu ni wapi. Watu wa Nairobi huuliza swali hilo kama mtu anayeuliza saa. Unakaa kwa kiti cha saluni, msusi hajashika hata nywele, ameshataka kujua kwenu ni wapi. Unatafuta nyumba ya kukodi, kabla ya jina lako unaulizwa kwenu. Mimi hujibu, "Mbali." Wakisema mbali wapi, nasema mbali tu. Pale Soko la Toi, ninakouza mapazia na blanketi za mitumba, wateja wanasema huyu mama ana kiburi. Wacha waseme. Mradi wananunua.

Blanketi ya mtumba haina shida na mimi. Ina harufu ya kabati la mtu wa mbali, sabuni yake, pengine hata mbwa wake. Nisiyoiweza ni ile mpya ya kijivu, nyembamba, inayofungwa kumi kumi kwa kamba ya katani. Blanketi ya msaada. Hiyo inanuka kama gunia lililobeba mafuta ya mashine, na ndani ya harufu hiyo kuna nyingine, ya chumvi, kama jasho la mtu ambaye hujawahi kumwona. Majuzi lori liliingia nyuma ya stage ya matatu ya 56 hapa Kawangware, ninakokaa. Ploti mbili zilikuwa zimechomeka siku iliyotangulia. Vijana walipoanza kurusha mafurushi chini, harufu ikanifikia na nikashika ukuta. Wenzangu wa chama cha akina mama wakaniuliza, Mama Beryl, ni moshi? Nikasema ni moshi.

Haukuwa moshi. Moshi nimeuzoea.

Zamani tulikaa Soweto West, kule Kibera, mimi na mama na ndugu yangu Omondi. Baba alikufa kabla Omondi hajajua kumwita. Mimi nilikuwa darasa la tatu, darasa ambalo nililipenda sana, na nitasema baadaye kwa nini sikuona la tano. Nyumba yetu ilikuwa mlango wa tatu kutoka kwa mfereji wa kuchota maji, kwenye ploti ya mtu tuliyemwita Mzee Pipa. Wageni walidhani jina lilitokana na tumbo. Lilitokana na pipa la mafuta taa aliloliweka kwenye chumba cha pembeni na kuuza kwa kipimo cha mkebe. Kati ya pipa lile na mahali watoto walikolala kulikuwa na ukuta mmoja wa matope. Ninamtaja kwa sababu hakuna mwingine aliyemtaja. Baadaye watu wakubwa walikuja wakasema chanzo cha moto hakijulikani. Chanzo kilijulikana. Kilikuwa na mfuniko wa mbao.

Mama alikuwa na sheria nyingi, lakini kubwa kuliko zote ilikuwa ya neno moja. Hatukuruhusiwa kuita ile nyumba kwetu. Ilikuwa ni "kwa nyumba". Ukitumwa chumvi unarudi kwa nyumba, mvua ikinyesha unakimbilia kwa nyumba. Kwetu kulikuwa ushago, Alego, kwa Dani, mama ya baba, pale ambapo baba alilala chini ya saruji iliyopasuka. Siku moja nilimwambia rafiki yangu tuende kwetu tucheze, mama akasikia kutoka ndani. Alitoka na mkono wenye unga, akanishika sikio, akaniuliza taratibu kabisa, "Kwenu kuna kaburi ya baba yako. Hapa kuna kaburi ya nani?"

Nikaangalia chini, nikitafuta kaburi.

"Hapa tunakaa tu," akasema. "Sema."

Nikasema, hapa tunakaa tu. Nilisema mpaka nikaamini. Huko Alego nilikuwa nimefika mara mbili, na mara ya kwanza nilikuwa mgongoni. Lakini nilijua kuku wa Dani kwa majina, kwa sababu mama alituhesabia tukiwa tunangoja ugali uive. Sasa mimi ni mtu mzima na naelewa alichokuwa anafanya. Mwanamke anayefua nguo za watu kwenye maghorofa ya Ngong Road siku nzima, mikono imepauka kama mkate uliolowa, lazima awe na mahali pengine ambapo yeye ni mtu. Nilichoshindwa kuelewa wakati huo ni kwamba neno lake la kujiheshimu siku moja lingekuwa kamba ya kutufunga.

Sasa nimtaje wa pili, ambaye ndiye wa kwanza. Elisha. Alikuwa katibu wa kamati ya kijiji, kijana bado, nadhifu, kalamu nyuma ya sikio hata akienda chooni. Alikaa mstari wa pili kutoka kwetu. Kwa nyumba, niseme. Jumapili akitoka kanisani alipitia kwa mama akala, kwa sababu hakuwa na mke na mama alisema mwanaume akijipikia, hata omena sufuriani inalia. Alikaa kwenye debe, Omondi akamkalia goti. Mimi nilikuwa nashindwa kuandika nane. Niliweka duara mbili moja juu ya nyingine, mwalimu akazikata kwa kalamu nyekundu. Elisha ndiye aliyeshika mkono wangu siku moja, tukiwa tumekaa mlangoni, akanionyesha nane inavyoandikwa bila kuinua kalamu. Unaanza juu kulia, unashuka kama nyoka, unazunguka chini, unapanda ukijikata katikati, unamalizia pale ulipoanzia na kamkia kadogo. "Hivyo," akasema. "Nane ya Elisha." Niliandika nane za Elisha mpaka kwenye masizi ya sufuria. Nilimpenda yule mtu. Ndiyo maana ninamchukia vizuri.

Moto ulikuja saa kumi jioni, jua likiwa bado kali. Mama alikuwa kazini. Nilikuwa nimetoka shule, nimefua sare yangu na nguo chache za mama na za Omondi kwenye beseni, nimezisuuza, natafuta nafasi ya kamba. Nilisikia kwanza mlio, sio kelele za watu, mlio wa mabati yanapojikunja kwa joto, kama mtu anayekunja makopo mengi kwa miguu. Halafu harufu ya maharagwe ya mtu yakiungua sufuriani. Nikafikiri, mama fulani amesahau sufuria, leo atagombana na bwana yake. Nilipogeuka, chumba cha pembeni kilikuwa tayari kinawaka, hakina rangi.

Nilimchukua Omondi kwanza. Hilo nalisema kwa sababu mama aliniuliza baadaye na nataka liandikwe mahali. Nilimtoa Omondi, nikamkalisha kwa mfereji, nikarudi. Na nilipoingia ndani, moto ukiwa milango miwili kutoka kwetu, sikuchukua radio, wala godoro, wala bahasha ya mama iliyokaa chini ya godoro. Nilichukua lile beseni la nguo mbichi lililokuwa mlangoni. Nilijiambia nguo zenye maji haziwezi kuchomeka, kwa hiyo hizo ndizo za kuokoa. Akili ya mtoto ina hesabu zake. Kama haziwezi kuchomeka zingekaa, lakini hilo halikunijia.

Kwa hiyo mama aliporudi mbio kutoka Ngong Road akiwa na kiatu kimoja, alikuta watoto wawili wamekaa kwa mfereji na beseni la nguo safi. Akacheka. Naapa alicheka, halafu akakaa chini kwenye matope.

Tulilala kwenye ukumbi wa kanisa, juu ya mabenchi yaliyosukumwa pamoja, familia zote za ploti ya Mzee Pipa na za ploti mbili za jirani. Kila mtu alinuka sawa. Kesho yake nilianza kusikia habari za Msaada. Watu wazima walisema Msaada iko njiani, Msaada imefika Adams, kule Ngong Road, Msaada haiwezi kuingia kwa sababu barabara ni mbovu. Kule Kibera hata chifu tulisema "inakuja", kwa hiyo mimi nilijua kwamba Msaada ni mtu. Mtu mkubwa, mnene kidogo, mwenye koti. Nilimwambia Omondi ajipanguse kamasi kwa sababu Msaada hapendi watoto wachafu. Na ndipo nikatoa zile nguo kwenye beseni, zilizokauka kwenye ukuta wa kanisa, nikamvalisha yeye, nikavaa sare yangu, tukasimama mbele kabisa tukingoja.

Lori lilipofika, wa kwanza kushuka alikuwa Elisha, kalamu nyuma ya sikio. Basi nikaona, kumbe ni yeye. Nikafurahi. Nikamwambia Omondi, si unaona, Msaada ni Elisha.

Pamoja naye alikuja mama mmoja wa kanisa la huko mjini, Madam Winnie, mwenye miwani inayoning'inia kwa mkufu. Yeye pia namtaja. Hakuwa mbaya, alikuwa na haraka. Walikuwa na blanketi za kijivu, sufuria, unga, na kadi za njano. Kadi ndiyo ilikuwa jambo. Mwenye kadi angepata hayo yote na mabati nane, na zaidi ya mabati, Mzee Pipa alikubali mbele ya kamati kwamba kila mwenye kadi atarudi pale pale alipokuwa, mlango wake ule ule. Asiye na kadi hakuwa mpangaji. Mama alilishika hilo haraka kuliko wote. Aliniambia nisiende mbali, tukipata kadi tuko sawa, tukikosa tumekwisha.

Shida ilikuwa kwamba watu walitoka vijiji vingine wakajipaka jivu na kujipanga kwenye laini. Mmoja alijipaka mpaka masikioni, akasahau kuwa kila mtu anamjua ni wa Makina, watu wakamcheka akaondoka akicheka pia. Madam Winnie hakucheka. Alisema watu wazima watadanganya, watoto hawawezi. Kwa hiyo kila familia ilitoa mtoto mmoja, peke yake, aulizwe pembeni. Kwa kuwa Kiswahili cha Madam kilikuwa cha kununulia nyanya, aliyeuliza ni Elisha.

Mama alinisukuma kidogo mgongoni. "Jibu vizuri," akasema. "Usinitie aibu."

Nilisimama mbele ya meza ya shule ya Jumapili. Blanketi zilikuwa zimepangwa nyuma yao mpaka kwenye dirisha, na harufu yake ilikuwa imejaa chumba, ile ya mafuta ya mashine. Elisha aliinama, uso wake karibu na wangu, akatabasamu, akafupisha Akinyi yangu kama alivyozoea.

"Aki, usiogope. Sema tu ukweli. Kwenu ni wapi?"

"Alego," nikasema.

"Kwenu kumechomeka?"

Nikawaza. Nikaona nyumba ya Dani, kuku wake, saruji ya baba. Nani angechoma huko?

"Hapana. Kwetu hakujachomeka."

"Na hapa Kibera mnafanya nini?"

"Hapa tunakaa tu."

Nilisema hivyo kwa sauti nzuri, kama shairi la shule. Elisha akanyoosha mgongo, akamgeukia Madam, wakazungumza Kiingereza. Nilishika neno moja tu, la wageni, kwa sababu shuleni tulikuwa na wimbo wa kukaribisha wageni. Nikaona anaonyesha kwa kalamu sare yangu, kola yangu nyeupe, shati la Omondi kule mlangoni. Kwenye umati ule wa masizi sisi tulikuwa safi kama watu wa kupigwa picha. Madam akanitazama juu ya miwani, akanigusa shavu, akanipa biskuti mbili. Elisha akaniambia, "Umejibu vizuri."

Nikakimbia kwa mama nikamwambia nimejibu vizuri. Akaniuliza nilisema nini. Nikamwambia. Sijawahi tena kuona uso wa mtu ukifungwa hivyo, kama duka.

Mama aliingia kule ndani bila kuitwa. Nilisikia sauti yake kupitia dirisha, akisema Elisha, wewe umekula kwangu, wewe unajua mlango wangu. Na sauti ya Elisha, pole pole, ya mtu anayemwonea mwenzake huruma: "Mama Akinyi, si mimi. Ni mtoto wako mwenyewe amesema. Sasa nitaandika nini?"

Jioni orodha ilibandikwa kwenye mlango wa kanisa. Mama hakujua kusoma, nikamsomea mimi. Nilipofika nambari nane nilijua mkono wa nani umeandika, nyoka anayejikata katikati, kamkia kadogo. Mbele ya nane paliandikwa mlango wa tatu, na jina la Roda. Roda alikuwa shemeji ya Elisha. Alikuwa ameshuka kwa basi kutoka ushago wiki hiyo hiyo, na moto wetu aliusikia tu.

Mama hakunipiga. Ningependa angenipiga, likaisha. Alisema, "Mdomo wako," basi. Maneno mawili. Aliyasema siku ile na hakuyarudia, lakini kila tulipokosa kitu niliyasikia. Tuliondoka kwenda Kawangware kwa miguu, beseni kichwani mwangu, kwa rafiki yake mmoja aliyekuwa na chumba kimoja na watoto wanne. Mwenye chumba alisema anaweza kuchukua mama na msichana, kijana hapana, hakuna pa kulala. Omondi akapelekwa Alego na mtu aliyekuwa akisafiri kwa matanga. Ilikuwa ni kwa miezi miwili, mpaka tusimame. Alilia akishika beseni, sio mimi, beseni. Shule ya Kibera ilikuwa mbali, na ya Kawangware ilitaka viatu na barua. Nilifika darasa la nne, muhula mmoja. Baada ya hapo nikaanza kufua na mama, na mikono yangu nayo ikawa mkate.

Ile miezi miwili haijaisha. Omondi alilelewa na Dani, akawa mtu wa huko, mwenye ng'ombe na maneno machache. Mama alipokufa tulimpeleka Alego kama alivyotaka, akalala kando ya ile saruji. Siku ya tatu Omondi alinikuta nikifagia uwanja, nikifikiri labda nikae kidogo, wiki mbili hivi. Alisimama na kofia mkononi, mpole kabisa, akaniuliza, "Dada, utarudi kwenu lini?"

Kwenu. Alimaanisha Kawangware. Hakuwa na ubaya. Huko kwetu msichana hana kiwanja kwa baba yake. Nilikuwa mgeni aliyekuja kuzika. Mimi niliyenyimwa kadi kwa sababu ya Alego nilikuwa naulizwa Alego nitaondoka lini. Nikamwambia kesho. Na kesho nikaondoka.

Ninaowataja hawajaisha. Kuna Mama Nekesa, aliyekuwa jirani yetu, mlango wa nne, ukuta mmoja. Miaka mingi baadaye nilimkuta Toi akichagua mapazia kwangu, akanitambua kwa macho, akasema ni ya mama kabisa. Tukacheka, tukanywa chai. Alinitania eti nilikuwa naongea kama karani wa korti nikiwa mdogo. Nikamwambia ndiyo, mdomo huo ndio ulitutoa Kibera. Nilisema kama mzaha, mzaha ambao nimeubeba tangu utoto.

Akaweka kikombe chini. "Mdomo gani, Aki?"

Nikamkumbusha.

"Lakini list iliandikwa asubuhi," akasema. "Kwangu, pale kwa benchi ya kanisa. Mimi ndio nilimchemshia Elisha chai akiandika. Roda alikuwa ashaandikwa. Lori haikuwa imefika hata."

Nilimuuliza, na yale maswali?

"Hayo yalikuwa ya kufurahisha madam. Hata ungesema kwenu ni hapa, angekuuliza ingine mpaka ukosee."

Mama alikuwa ameshazikwa. Ndicho kitu cha kwanza nilichofikiria, kwamba hakuna wa kumwambia. Nikamuuliza Mama Nekesa kwa nini alinyamaza siku ile, mama alipokuwa amesimama kwenye mlango wa kanisa akitazama maandishi asiyoweza kuyasoma. Hakunidanganya, hilo nampa.

"Aki," akasema, "mimi nilikuwa na kadi."

Alinunua pazia mbili za kijani. Nilimfungia vizuri.

Sasa turudi kwa lile lori la juzi. Chama chetu kilikuwa kimechanga unga na sabuni kwa waliochomeka, na kikundi kimoja cha misaada kikaleta blanketi. Wenzangu wakaniweka mezani niandike majina kwa sababu nimekaa hapa muda mrefu na najua ni nani aliyekaa wapi. Walinipa fomu. Sehemu ya pili imeandikwa: Kwao ni wapi. Niliikata kwa mstari kwenye kila karatasi, nikakandamiza kalamu hadi vidole vikauma. Kisha wakaleta watoto, kwa sababu wazazi wengine walikuwa bado wanachimba majivu, na nikamwambia msichana mmoja, "Juzi ulilala wapi?"

"Kwa nyumba."

"Nyumba gani?"

Akaonyesha kwa kidole mahali ambapo mabati yalikuwa yamelala chini. "Ile yenye haiko."

Nikamwandika. Mama yake alikuja baadaye, mikono myeusi mpaka kwenye viwiko, nikampa kadi yake, akaisoma mara tatu.

Ilipofika saa saba gari dogo likaleta mgeni wa heshima. Walisema ni mzee wa kamati, mtu aliyejitolea kwa waliochomeka maisha yake yote. Alikuwa amevaa jaketi linalong'aa na kofia, ndevu nyeupe, kitambi, akitembea kwa fimbo. Sikumjua. Alisimama kando ya meza yangu, akaona ninavyotia kadi nambari, akasema kwa upole kwamba ninachelewesha watu. Akaniondolea kalamu mkononi. Akaandika tano, sita, saba, haraka haraka, kadi juu ya kadi.

Akafika nane. Kalamu ikaanza juu kulia, ikashuka kama nyoka.

Nilitazama ile nambari. Wino ulikuwa bado unang'aa. Harufu ya blanketi ilikuwa nyuma yangu yote, na nikajikuta nashika kola ya nguo yangu kuona kama ni safi.

Aliona nimeshika kola. Akataka kunichangamsha, kama wanavyofanya wazee wa mikutano. "Na wewe mama," akasema bila kuinua kichwa, "kwenu ni wapi?"

"Kwetu ni Soweto West," nikasema. "Ploti ya Mzee Pipa. Mlango wa tatu kutoka kwa mfereji."

Kalamu ikasimama. Haikusimama sana, mtu ambaye hakuwa akiitazama asingejua. Akaniangalia usoni, kisha mikono yangu, kisha tena usoni.

"Huko nimekaa sana," akasema. "Watu wazuri."

"Kwetu kulichomeka," nikamwambia.

Akatikisa kichwa pole pole, kwa masikitiko ya mtu aliyezoea kusikitika mbele za watu. "Kibera huchomeka kila saa, mama. Lakini tunashukuru Mungu, watu husaidika." Akarudi kwenye kadi zake. Tisa. Kumi.

Nilikuwa na maneno. Nimeyapanga tangu ile chai ya Toi, naweza kuyasema usingizini. Lakini yule mama wa mikono myeusi alikuwa mbele yangu na kadi yake, na wengine nyuma yake, na blanketi zilikuwa chini ya mkono wa Elisha. Nikafanya alichofanya Mama Nekesa. Nikanyamaza kwa sababu ya kadi, ingawa safari hii hazikuwa zangu.

Kabla hajaondoka, kijana wa kamera alitaka picha. Akamwambia mzee ashike blanketi upande mmoja, akatafuta mtu wa kushika upande wa pili, na aliyekuwa karibu ni mimi. Elisha akatabasamu. Mimi sikutabasamu. Niliangalia mkono wake.

Jioni picha ikafika kwenye simu za chama. Mwanangu Beryl ndiye aliyenisomea maneno ya chini, kwa sababu ni madogo na macho yangu yameanza kukataa. Mzee Elisha akikabidhi blanketi kwa mwathiriwa wa moto. Beryl akakasirika, akasema atawaandikia wasahihishe, mama hakuchomekewa na chochote.

Nikamwambia aache. Nikamwambia wameandika sawa, wamechelewa tu.